Turbo haivuti, au mafuta yanakatwa ghafla: soma kwanza sensa ya presha kabla hujaibadilisha au kuichezea

Gari ya turbo ikianza kukosa nguvu, taa ya chek enjini ikawaka, ukapiga skana ikaja kodi (namba ya hitilafu) kama P0106 (namba ya sensa ya presha haieleweki) au P0299 (presha ya turbo haitoshi), watu wengi wanakimbilia kununua sensa. Inafungwa, kodi inafutwa, gari inaenda vizuri siku mbili tatu halafu mambo ni yale yale, na hapo hela ishaenda. Kodi haikuambii sensa imekufa, inakuambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) haiamini inachosikia, na inaweza kuwa sensa inasema kweli tupu ila kuna paipu imepasuka huko chini. Halafu kuna kundi la pili, gari zao ni nzima kabisa ila wanataka turbo isukume zaidi, wakaambiwa na mtu "we weka rezista tu kwenye waya wa sensa inatosha". Makundi yote mawili yanaanzia sehemu moja: unatakiwa ujue ile sensa inapima nini na muda huu, mahali ulipo, ilitakiwa iseme ngapi.

Inapima nini hasa

Sensa yenyewe inaitwa MAP, iko kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) au imeungwa nayo kwa hozi. MAP sensa inapima presha kamili, kuanzia pale ambapo hakuna hewa kabisa. Geji ya presha ya turbo ya kubandika kwenye dashi haiko hivo, yenyewe sifuri yake ni hewa ya nje. Ndo maana geji inasema bar 1 na skana inasema kilopaskali 200 na mtu anadhani kimoja kibovu, kumbe vyote viko sawa, skana imejumlisha na hewa ya kawaida ambayo ni kama bar 1 nyingine.

Sasa hewa ya kawaida yenyewe inategemea uko wapi. Dar na Mombasa usawa wa bahari ni karibu kilopaskali 101. Morogoro inashuka kwenye 95, Dodoma kama 89, Arusha 86 hivi, Mbeya na Nairobi zote zinacheza kwenye 83, Eldoret unakuta 79. Hizi namba zishike kichwani sababu ndo kipimo cha bure kuliko vyote, nitakirudia hapo chini.

Ndani ya sensa kuna kipande chembamba cha silikoni kinachopinda presha ikikisukuma, kikipinda upinzani wake wa umeme unabadilika, na saketi ndogo inageuza hayo mabadiliko kuwa volti. Waya ni 3: volti 5 kutoka kontrol boksi, eathi, na signal. Ukikuta waya 4 basi humo humo kuna na sensa ya joto la hewa, ya nne ndo yake.

Volti na presha vinakwenda kwa mstari ulionyooka. Chukua mfano sensa ya Bosch ya kilopaskali 20 hadi 250, inatoa volti 0.4 kwenye 20 na volti 4.65 kwenye 250. Kila kilopaskali moja ni kama volti 0.0185. Kwa hiyo Dar gari imezimwa, swichi iko on, unatakiwa usome volti 1.9. Sensa ile ile Mbeya itasoma 1.56. Hamna kilichoharibika hapo, ni mwinuko tu. Kuna fundi atakupimia Mbeya kwa namba alizokariri Dar na atakwambia sensa imechoka.

Vipimo vya kufanya kabla ya kitu chochote

Swichi on, injini isiwashwe. Fungua skana usome MAP. Inatakiwa iwe sawa na hewa ya mahali ulipo, ikipishana kilopaskali 2 au 3 sio kesi. Gari nyingi zina pia sensa ya hewa ya nje ndani ya kontrol boksi, skana inaandika BARO, linganisha hizo mbili. Kontrol boksi nazo zinalinganisha hivo hivo, zikitofautiana sana ndo unapata P0069. Ila angalia, kuna gari BARO yake haina sensa, kontrol boksi inachukua tu namba ya MAP kabla injini haijawaka na kuiita BARO, kwa hiyo zitalingana hata kama sensa inadanganya. Ndo maana nasema namba za mji wako zikariri.

Halafu washa. Petroli ikiwa sailensi, hujakanyaga mafuta, injini imepata moto, MAP inashuka kwenye 25 hadi 45 kwa gari nyingi, sababu throto (mlango wa hewa ya injini) imefungwa na pistoni zinavuta. Dizeli usitegemee hivo, dizeli nyingi ikiwa sailensi inasoma karibu sawa na hewa ya nje na ni kawaida yake. Nimeona mtu na dizeli yake anahangaika kutafuta hewa inavuja wapi kisa MAP haishuki.

Ukishindwa kuamini skana shika multimita. Pima waya wa volti 5, inatakiwa iwe kati ya 4.8 na 5.2. Pima eathi kutoka kwenye plagi ya sensa mpaka terminali hasi ya betri, swichi ikiwa on na plagi imechomekwa, usizidi volti 0.05. Eathi ikiwa mbovu signal yote inapanda juu na hamna sensa mpya itakayokusaidia. Signal yenyewe ipime kwa nyuma ya plagi kwa sindano nyembamba, usitoboe waya, ukitoboa mvua ya kwanza unyevu unaingia na baada ya muda shaba ya ndani inageuka kijani.

Ukiwa na pampu ya mkono ya vakyumu, chomoa hozi ya sensa, vuta taratibu ukiangalia volti. Ziende kwa mpangilio bila kuruka, na ukiachia zirudi pale pale palipoanzia. Sensa yenye uvivu, inayochukua sekunde nzima kurudi, mara nyingi kitundu chake kimeziba.

Petroli: sailensi inatetemeka, harufu ya mafuta, moshi mweusi

Angalia MAP ikiwa sailensi. Ikisoma 60 au 70 badala ya 35, kontrol boksi inadhani umekanyaga, inamwaga mafuta. Swali ni je presha iko juu kweli au sensa ndo inasema hivo? Chomeka geji ya vakyumu kwenye manifoldi yenyewe. Geji ikikubaliana na sensa basi kuna hewa inaingia mahali, gaskit ya manifoldi, hozi ya breki, au hata taimingi ya mkanda imeruka jino. Geji ikikataa basi rudi kwenye hozi ya sensa.

Subaru za zamani, zile Impreza na Legacy za miaka ya 90, sensa imekaa mbali kwenye bodi na hozi ya mpira inaenda mpaka kwenye manifoldi, ule mpira umepikwa na joto miaka zaidi ya 20, unaugusa unakatika kama biskuti. Na kwenye hozi hiyo hiyo baadhi zina vali ndogo ya umeme inayobadilisha sensa isikie hewa ya nje kwa muda mfupi halafu irudi kwenye manifoldi. Vali ikiganda, sensa inabaki inasoma hewa ya nje siku nzima. Baadhi ya dizeli za Toyota za zamani nazo zina mtindo huo pamoja na kichujio kidogo cha plastiki kwenye hozi, hicho kikijaa uchafu signal inachelewa.

Kitu kibaya kuliko vyote hapa ni hozi iliyochomoka kabisa. Watu wanaona tu kwamba inakunywa mafuta, ila fikiria turbo ikianza kusukuma: sensa iko hewani, inasoma 101 muda wote, kontrol boksi haioni presha ikipanda, haiongezi mafuta, haifungui wesgeti (kimlango cha ekzosi kinachopunguza kasi ya turbo), na ile kinga ya kukata mafuta presha ikizidi haifanyi kazi tena. Petroli bila mafuta ya kutosha kwenye presha kubwa pistoni inatoboka, na inaweza kutokea mara moja tu unapoovateki. Ukishuku hozi, usiijaribu gari kwa kukanyaga.

Na tafadhali sana, wale wanaounga T kwenye hozi ya sensa ili wapate presha ya geji au ya blofu vali (vali inayotoa hewa ya turbo ukiachia mafuta). Usifanye hivo. Kila kiungo ni sehemu ya kuvuja, na hewa inayovutwa na ile vali inafanya signal ichelewe na kuyumba. Tafuta tundu lingine kwenye manifoldi, yapo.

Dizeli: haina nguvu na haitoi moshi, au ina moshi mweusi

Hapa moshi wenyewe unakupa jibu nusu. Kontrol boksi ya dizeli inatumia MAP kujua kuna hewa kiasi gani ili isimwage mafuta yatakayotoka moshi. Sensa ikisoma chini kuliko ukweli, mafuta yanabanwa, gari inakuwa nzito, lori linakupita mlimani lakini nyuma kusafi kabisa. Sensa ikisoma juu kuliko ukweli, mafuta yanamwagwa kwa hewa ambayo haipo, unapata wingu jeusi. Sasa kama gari nzito NA ina moshi, na sensa ukiipima iko sawa, acha sensa, kuna mengine: paipu ya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) imepasuka baada ya pale sensa ilipo, EGR (vali inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) imekwama wazi, nozeli zinavuja, kichujio cha hewa kimejaa vumbi.

Kitundu cha sensa kwenye dizeli kinaziba sana. Masizi ya EGR yakikutana na mvuke wa oili wa injini yanakuwa lami. Toa sensa, nyunyizia dawa ya kusafishia umeme, iache inywe, itingishe, usichokonoe ndani na pini au waya maana kile kipande cha silikoni kiko pale pale karibu na ni chembamba mno. Wala usipulize na upepo wa kompresa. Ikikauka kabisa rudisha, na oringi kama imekakamaa weka mpya.

Skana inasema kila kitu safi lakini turbo inapiga kelele, inakufa kabla ya wakati

Hii ndo inayowachanganya hata mafundi wazuri. Kwenye gari ya kisasa kontrol boksi ina lengo, mfano inataka kilopaskali 200, na inabana au kuachia turbo mpaka sensa iseme 200. Sasa sensa ikiwa inasoma pungufu kwa 20, kontrol boksi itaendelea kuibana turbo mpaka ukweli ufike kwenye 220 na kitu, halafu kwenye skana utaona lengo 200, halisi 200, mstari umenyooka mzuri, hamna kodi. Skana inasoma kile kile ambacho sensa imesema, haina macho mengine. Hapo dawa ni geji ya mkononi ya mitambo, ya mshale, unaunga kwenye tundu lingine na kulinganisha ukiwa barabarani. Kumbuka kujumlisha hewa ya mji wako: geji ikisoma bar 1 Dodoma ni 89 jumlisha 100, yaani 189.

Inakata ghafla kama umezima swichi, halafu inarudi

Uko gia ya tatu, umekanyaga, turbo imeamka, mara paaa! Inakata, unaenda mbele na kichwa, ukiachia inarudi. Hii ni kinga, kontrol boksi imeona presha imepita mpaka ikakata mafuta, mara nyingi unakuta P0234. Wengi wanakimbilia kuizima hiyo kinga na ndo biashara ya vile vidude nitakavyovitaja hapo chini. Kabla ya hapo jiulize presha imezidi kwa nini.

Kwanza hozi ya wesgeti, ile inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye kikopo, imechomoka au imepasuka, wesgeti haifunguki. Ni hozi ya bei ya soda. Pili solenoidi (vali ya umeme inayoongoza wesgeti) imeganda. Tatu mkono wa wesgeti umeshika kutu. Nne, na hii ni ya wale waliobadilisha ekzosi, umetoa kataliti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) ukaweka bomba pana, gesi inatoka kirahisi, turbo inazunguka kasi kuliko wesgeti ya kiwandani inavyoweza kupunguza. Kwenye dizeli zenye turbo ya mabawa yanayofunguka na kufunga, masizi yanayakwamisha yakiwa yamebana.

Ukikuta kinga inakata lakini geji ya mshale inaonyesha presha ni ya kawaida, hapo ndo urudi kwenye umeme: eathi, au signal imegusana na waya wa volti 5. Kodi P0108 au P0238 inakuja ukiwa na signal iliyopanda juu mpaka mwisho, P0107 na P0237 ni signal iliyolala chini.

P0299, presha haitoshi

Hapa sensa inasingiziwa kuliko sehemu yoyote. Anza na paipu zote kuanzia turbo mpaka throto. Ukiweza pata kifuniko cha kuziba mdomo wa turbo, pulizia hewa ya kompresa kidogo kidogo, bar 1 inatosha, sikiliza na nyunyizia maji ya sabuni. Paipu nyingi zinapasuka upande wa chini usioonekana, na zingine zinavuja tu zikipata presha. Kwenye Volkswagen na Audi za injini ya petroli ya turbo 2.0 TFSI za mwanzo angalia ile vali ya kurudisha hewa, dayaframu yake inachanika, ni ugonjwa unaojulikana. Hizo hizo na ndugu zao za TSI nyingi zina sensa za presha mbili, moja kabla ya throto kwenye paipu na nyingine kwenye manifoldi, hakikisha unayoibadilisha ndo iliyotajwa kwenye kodi.

Na ikiwa P0299 inakuja tu ukipanda, kwenye mlima Kitonga mfano, au ukishafika Mbeya, lakini Dar na Chalinze hamna kitu, fanya hesabu. Kilopaskali 200 Dar ni turbo kuzidisha hewa mara 2. Mbeya kwenye 83 ni kuzidisha mara 2.4. Turbo inafanya kazi kubwa zaidi kwa jibu lile lile, tundu dogo ambalo Dar haulisikii huko juu linaonekana. Kontrol boksi nyingi zinashusha lengo zenyewe mwinukoni kulinda turbo, kwa hiyo nguvu ikipungua kidogo bila kodi sio ugonjwa. Kodi ikija, kuna mahali panavuja au turbo imeanza kuchoka.

Inakuja na kuondoka, hasa baada ya kuosha injini

Mkuu, ile pampu ya kuoshea gari haijatengenezwa kwa ajili ya plagi za sensa. Maji yanaingia, nje yanakauka ndani yamebaki, siku ya tatu ndo kodi inakuja. Fungua plagi, angalia ukijani kwenye pini, safisha, kausha, weka grisi ya umeme kidogo. Tingisha waya huku unaangalia skana, namba ikiruka umeshapata.

Kitu kingine, ile volti 5 gari nyingi zinaigawa kwa sensa kadhaa kwa pamoja. Sensa ya kanyagio au ya presha ya kiyoyozi ikipiga shoti inaivuta chini kwa wote, na unapata kodi nne tano kwa mpigo, kati yake P0641 au P0651. Ukiona hivo usinunue sensa tano. Chomoa moja moja mpaka volti 5 irudi.

Sasa, kuichezea signal

Nitasema wazi msimamo wangu: kuidanganya kontrol boksi ni kazi ya zamani, ilikuwa na maana enzi ambazo ramani ya kontrol boksi (majedwali ya namba inayofuata) haiguswi, saivi gari nyingi zinaweza kuandikwa upya. Lakini vidude bado vinauzwa na watu wanafunga, kwa hiyo bora ujue kila kimoja kinafanya nini.

Cha kwanza ni kibanio cha volti, kama FCD (kizuia kukatwa mafuta) ya kampuni ya HKS iliyokuwa inafungwa sana kwenye turbo za Kijapani. Signal inapita kama kawaida mpaka kiwango ulichoweka, zaidi ya hapo haipandi. Tuseme umebana kwenye volti 3.6 kwa ile sensa ya mfano wetu, kontrol boksi haitaona zaidi ya 193 hata ukiwa na 230. Mafuta hayakatwi. Je ni hatari? Inategemea injini inahesabu hewa kwa nini. Subaru nyingi za injini ya EJ20 turbo zina sensa ya kupima hewa inayopita, MAF, mafuta yanahesabiwa kwa hiyo, MAP ni ya kusimamia turbo na kinga, kwa hiyo kubana MAP hakukunyimi mafuta moja kwa moja, ingawa umeshaondoa kinga na MAF nayo ina mwisho wake. Lakini injini za Toyota 1JZ-GTE, na 2JZ-GTE ya soko la Japani, hazina MAF, zinahesabu hewa kwa MAP. Ukibana pale, hewa ni ya 230 na mafuta ni ya 193, umepungukiwa asilimia 16 kwenye wakati mbaya kuliko wote. Gari itavuta vizuri sana mpaka siku itakapoacha.

Cha pili ni kuvujisha, kavali kadogo kwenye hozi ya sensa kanakoachia presha kidogo. Hiki ni kibaya zaidi, kinadanganya kwenye kila kiwango, hata sailensi, na kinabadilika na joto na uchafu. Rezista kwenye waya wa signal nayo iko kundi hilo hilo, yaani umeharibu sensa kwa makusudi.

Cha tatu ni boksi la nguvu la dizeli, lile la kuchomeka na kutoa. Linapunguza signal ya sensa ya presha ya reli ya mafuta (bomba la pamoja linalolisha nozeli) ili pampu iongeze, na mengine yanapunguza na signal ya MAP ili turbo ibane zaidi. Nguvu inaongezeka kweli, simkatalii mtu. Ila soma tena pale juu kwenye sensa inayosoma pungufu, ni ugonjwa ule ule umelipia. Skana haitakuonyesha presha halisi ya reli wala ya turbo, wala kontrol boksi haiioni. Ukiwa nalo, weka geji ya mshale na kipima joto cha ekzosi, na ukipeleka gari kwa fundi lichomoe kwanza kabla hajapima, la sivo atatafuta ugonjwa ambao umeuficha mwenyewe.

Njia ya nne ndo sahihi: sensa yenye upeo mkubwa zaidi, na kontrol boksi iandikwe ijue sensa mpya. Vyote viwili. Plagi ya sensa ya bar 2.5 na ya bar 3 za Bosch nyingi ni ile ile, inachomeka safi, na hapo ndo watu wanapotea. Ya kilopaskali 20 hadi 300 nayo inatoa 0.4 hadi 4.65, kwa hiyo kila volti ina maana tofauti. Ukiifunga bila kuandika upya, hewa ya 200 inatoa volti 3.13, kontrol boksi ya zamani inaisoma kama 168. Dar gari imezimwa itasoma 87 badala ya 101, yaani inadhani iko Arusha. Kama huna namba za sensa yako kutoka kwa mtengenezaji usikisie, nenda na pampu ya mkono na geji, pima volti kwenye pointi mbili tatu za presha, chora mstari.

Kwenye kuandika upya, namba mbili za sensa, mteremko (volti ngapi kwa kila kilopaskali) na mwanzo (mstari unaanzia wapi), ndo zinabadilishwa kwanza, halafu unathibitisha swichi on inasoma hewa ya mji wako, halafu ndo unagusa lengo la presha. Kinga ya kukata mafuta isogeze juu kidogo ya lengo jipya, usiiondoe. Unapojaribu barabarani uwe na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, sio macho ya moshi, na uangalie kama kontrol boksi inarudisha taimingi nyuma kwa sababu injini inagonga. Panda kidogo kidogo. Petroli tunayoweka huku sio ile wanayotumia jamaa wa Japani unaowaona kwenye video.

Ukishamaliza ikaleta matatizo mengine

Presha inapanda na kushuka kama mawimbi ukishika mafuta mahali pamoja: hozi ya solenoidi ya wesgeti umeirefusha au umebadilisha kipenyo chake, au namba za kusahihisha kwenye ramani bado ni za wesgeti ya zamani.

Skana ya bluutuu inaonyesha presha imeganda kwenye 255 na haipandi: hapo hata usiumize kichwa. Namba ya kawaida ya MAP kwenye OBD2 (mfumo wa kawaida wa skana kuongea na gari) inatumwa kwa baiti moja na mwisho wake ni 255, sensa ya bar 3 au 4 inaendelea kupanda ila skana haina nafasi ya kuandika. Tumia programu inayosoma moja kwa moja namba za mtengenezaji, au pima volti.

Gari iliyoandikwa kwa sensa ya bar 3 imetoka kwa fundi mwingine na ghafla inakunywa mafuta, inanuka, mafuta yanakatwa mapema: kuna mtu ameona sensa "sio ya gari hii" akakurudishia ya bar 2.5 ya kiwandani. Swichi on Dar itasoma karibu 119, na hamna mji wenye hewa hiyo. Bandika karatasi ya namba ya sensa chini ya boneti, na namba ya simu ya aliyeandika ramani.